Isiwashwe Kabla ya Maombi

"Hiyo haiwashwi hapa," Lomayani alisema, na kiganja chake kikubwa kikakifunika kitufe cha kuwashia kompyuta mpya.

Fundi Prosper alibaki na waya mkononi. Alikuwa ametoka kukaza skrubu ya mwisho. Kazi yote ameifanya mbele ya Lomayani na binti yake Silantoi, pale kwenye kachumba kake ka ghorofani katikati ya mji, kipande kwa kipande, na mzee amesimama muda wote akiangalia kila kinachoingia ndani ya lile boksi. Sasa ilibaki kuchomeka tu.

"Mzee wangu, mimi huwa nawasha kwanza. Mteja anaona, anaridhika, ndiyo anabeba."

"Nimesharidhika."

"Lakini hujaiona ikiwaka!"

"Sikiliza kijana. Kwetu Moshono kitu kipya hakianzi kazi hakijaombewa. Shemeji yangu alinunua mashine ya kusaga, mchungaji alikuwa safarini, wakaifunika turubai wakamsubiri. Watu wanapita na mahindi yao, inatazamwa tu. Mpaka leo ile mashine inasaga, haijawahi kugoma. Sasa wewe unataka hii iamkie hapa, kwenye makelele ya mjini?"

Prosper alimgeukia binti. "Sista, si ndiyo wewe umesomea mambo haya? Hebu mwambie mzee."

Silantoi aliangalia sakafu. Kule chuoni jambo la kwanza waliloambiwa ni kwamba usibebe mashine hujaiona ikiwaka. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akajikaza. "Baba, labda tungeiwasha kidogo tu, halafu tunazima..."

"Kidogo ndiyo nini? Ikishawashwa si imeshawashwa?"

Basi akanyamaza. Mimi simlaumu. Huyu ni baba aliyeuza mtamba wake kwa ajili ya binti, akagombana na kaka yake kwa ajili ya binti, halafu binti huyo amsahihishe mbele ya kijana mwenye hereni sikioni? Wewe ungeweza?

"Sawa mzee," Prosper alisema, akakunja waya. "Lakini ikigoma huko msije mkasema nimewauzia kopo."

"Igome vipi na itakuwa imeombewa?"

Walikodi bajaji mpaka nyumbani. Lomayani aliipakata kompyuta magotini akaizungushia shuka lake, ingawa baridi ya Julai ilikuwa inamwingia yeye mwenyewe mpaka kwenye mbavu. Kila penye shimo alimgonga dereva begani. "Dereva, nenda taratibu. Tumebeba kompyuta."

*

Jumamosi sebule ya Lomayani ilijaa. Jumuiya nzima ilikuja, hata wale ambao siku ya kuchangia bati za kanisa huwa wanaumwa. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kile kitambaa cheupe cha kutarizi ambacho Nashilu, mke wa Lomayani, hukitoa Krismasi tu. Asiyejua angedhani ni keki ya kipaimara. Jikoni loshoro, mahindi ya kupikwa kwa maziwa mgando, ilikuwa tayari, na kreti la soda lilikuwa limeegeshwa mlangoni ili kila anayeingia alione.

"Kwa hiyo ndiye ng'ombe mwenyewe huyo?" aliuliza Lemburis, kaka mkubwa wa Lomayani, akiielekezea meza fimbo yake.

"Ndiye, kaka. Na huyu hali majani, wala haugui ndigana."

Watu walicheka. Lemburis hakucheka. Tangu mwanzo alisema wazi kwamba mtamba hauzwi kwa ajili ya mtoto wa kike, tena kwa kununua mashine. Mashine haizai. Lomayani alimjibu kwamba hii itazaa kila siku, na kwa hesabu za kawaida hakukosea. Silantoi alikuwa na diploma yake ya kompyuta na alikuwa amekaa nayo nyumbani muda mrefu, akituma barua za kazi zisizojibiwa. Ng'ambo ya shule ya sekondari palikuwa na fremu ya duka, wakaikodi, wakalipa kodi ya msimu mzima. Huu ndio wakati vijana waliomaliza kidato cha sita wanaomba vyuo na mikopo, na yote yanapita mtandaoni. Mwenye mashine anakula sasa. Dirisha la maombi likishafungwa, unakaa unapigwa na upepo mpaka mwakani. Kibao kilikuwa kimeshachorwa na kutundikwa: SILANTOI STESHENARI.

Njia nyingine ya Silantoi ilikuwa Njiro. Nashilu alikuwa anafulia nguo huko kwa mama mmoja, Mama Brenda, ambaye kila wiki aliuliza kama binti wa Nashilu hawezi kuja kukaa pale, asaidie kazi za ndani. Siku Lomayani aliposikia hivyo alisukuma kikombe cha chai pembeni. "Mtoto wangu sikumsomesha akafue chupi za watu," alisema, na hakuna aliyerudia tena habari hizo mbele yake.

Mwinjilisti alisimama. Waliimba, wakasoma Zaburi, mwinjilisti akaweka mkono juu ya kitambaa akaombea mikono ya binti, macho ya binti, wateja wa binti, umeme wa nchi yetu, na hata majirani wenye kijicho hakuwaacha. Maombi yalikuwa mazuri na marefu. Nashilu alilia kidogo. Kisha kitambaa kikaondolewa, waya ukachomekwa ukutani, na Lomayani akasema kwa sauti ya mzee wa kanisa, "Mwanangu, kwa jina la Bwana, washa."

Silantoi alibonyeza.

Paa! Kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Taa ya sebuleni ikazimika, redio ya jirani ikaendelea kuimba, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka nyuma ya kompyuta, ikatembea polepole mpaka kwenye pua ya mwinjilisti.

"Luku imeisha!" alisema Tekla, jirani yao, kwa haraka kama mtu anayetaka sana iwe hivyo.

"Nimeweka asubuhi," Nashilu alijibu.

Lilikuwa breka limeruka. Lomayani alilipandisha mwenyewe, taa ikawaka, watu wakapiga makofi. Silantoi akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza akashikilia. Kimya.

Hapo sasa kila mtu akawa fundi. Tekla alisema ishikiliwe kwa muda mrefu, hata simu yake huwa anaishikilia mpaka inatetemeka. Mzee mmoja alisema ichomolewe ipumzike, imechoka na safari. Mwingine akauliza kama imewekwa mafuta. Ikachomolewa, ikapumzishwa, wakaimba ubeti mmoja wakiisubiri, safari hii kwa sauti ya chini. Mwinjilisti akaomba tena, maombi mafupi, jasho likimtoka kwenye kola. Silantoi akabonyeza tena, ikawa vile vile.

"Haya, injinia," Lemburis alimwambia. "Si ndiyo wewe umesoma? Inasemaje?"

"Sijui, baba mkubwa."

"Hujui?"

"Bado sijajua."

"Aisee." Lemburis aliegemea fimbo yake. "Yule mtamba ukimwita alikuwa anageuka."

Hakuna aliyecheka. Loshoro ililiwa kimyakimya kama chakula cha msibani, na watu wakaanza kukumbuka kwamba wana shughuli nyumbani. Tekla alimkumbatia Nashilu mlangoni akamwambia pole sana. Pole ile ilimuuma Nashilu kuliko maneno ya shemeji yake, kwa sababu pole hupewa mtu aliyepoteza.

*

Mchana ule ule Silantoi alifungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya kuazima. Baba yake alikaa kwenye kigoda pembeni, amemshikia simu immulikie ndani.

"Hicho ni nini?"

"Hii ni rami, baba. Ndiyo kumbukumbu yake."

"Ina kumbukumbu? Basi itatukumbuka." Alijaribu kutabasamu.

Silantoi aliichomoa rami, akaisugua miguu yake kwa kifutio cha penseli kama walivyofundishwa, akairudisha mpaka ikalia tiki. Kimya. Akabadilisha waya wa ukutani, akaazima wa kwa Tekla. Kimya. Akakandamiza kila plagi iliyokuwa mle ndani. Akafungua video ya mtu anayeeleza kompyuta isiyowaka, na yule mtu alipofika tu kwenye "sasa angalia hapa," bando likakata. Lomayani alimtuma Nashilu akanunue vocha, naye akaenda bila kuuliza, na hela ile ilikuwa ya unga.

Walipoigeuza nyuma, Lomayani aliona kiswichi kidogo chekundu, kimejificha karibu na tundu la waya, kimeandikwa 115.

"Na hiki je?"

Silantoi alikiangalia. Alikuwa na njaa, macho yalikuwa yanamwasha. Chuoni walifundishwa mambo ya programu zaidi, mashine zenyewe walizikuta zimeshawashwa. "Hicho kimekuja hivyo hivyo, baba. Tusikiguse."

"Ndiyo, tusije tukaharibu," Lomayani alisema.

Prosper alipigiwa simu. Yuko Namanga, anafuata mzigo, atarudi katikati ya wiki. Alisema wasiiwashe tena, waiache tu.

Jumatatu Silantoi alifungua fremu kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Alifagia, akafuta meza tupu. Vijana wakaanza kuja na vyeti vyao kwenye bahasha.

"Dada, mnafanya maombi ya chuo hapa?"

"Tunafanya. Njooni kesho."

Kesho yake akasema kesho. Siku iliyofuata hawakuja tena. Aliwaona wakipita ng'ambo ya barabara kuelekea kwa jamaa mwingine mwenye steshenari juu kule, na mmoja, binti mpole tu, alimpungia mkono. Silantoi alitamani kibao chake kiwe kimeandikwa jina la mtu mwingine.

Jioni Nashilu alirudi kutoka Njiro, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Alimkuta mwanawe jikoni.

"Yeyo," Silantoi alimwita mama yake, "Mama Brenda bado anauliza?"

Nashilu alichungulia mlangoni kwanza kama mumewe yuko karibu. "Leo kauliza. Nimemwambia wewe una ofisi yako." Akamgeukia. "Una ofisi yako, si ndiyo?"

"Ndiyo, yeyo."

*

Prosper aliporudi walimpelekea mashine kwa bajaji, na Lomayani aliipakata tena magotini. Lakini kwenye ngazi za ghorofa alisita.

"Nenda wewe," alimwambia binti yake. "Nyinyi mnaelewana lugha. Mimi nitakusubiri hapa chini." Ukweli ni kwamba aliona haya. Mtu aliyewahi kusema "igome vipi" hawezi kupanda ngazi zile zile kwa furaha.

Prosper hakuhitaji hata bisibisi. Aliigeuza nyuma, akainama, halafu akakaa chini taratibu.

"Dah. Sista."

"Nini?"

"Njoo uone." Alimwonyesha kile kiswichi chekundu. "Hapa imewekwa mia na kumi na tano. Huo ni umeme wa nchi nyingine. Wetu huku ni mia mbili thelathini. Hizi pawa saplai, viboksi vya kuingizia umeme, za bei nafuu ndivyo zinavyotoka dukani. Ukiichomeka na kuiwasha hivi, inapokea umeme mara mbili ya inaouweza. Inalipuka papo hapo."

"Si ulitakiwa kukirekebisha?"

"Nilitakiwa." Hakubisha. "Ngoja nikwambie ninavyofanya kazi. Nikishafunga skrubu, nachukua waya nichomeke. Nikifika pale pa kuchomeka, mkono wangu unaenda wenyewe hapo nyuma, unakisukuma, halafu ndiyo nawasha. Miaka yote ni hivyo. Siku ile mzee alinizuia nisichomeke. Mkono haukwenda. Mimi hata sikukumbuka mpaka sasa hivi."

Alifungua, akatoa pawa saplai iliyoungua, akafunga nyingine ya kwake ya dukani. Silantoi alisimama mikono imekumbatia kifua. Prosper akabonyeza. Kimya. Akagusisha vile viwaya vya kuwashia kwa ncha ya bisibisi, mara mbili, mara tatu. Akatoa rami, akajaribu nyingine. Mwishowe akaweka bisibisi mezani.

"Imeondoka na bodi. Na sidhani kama prosesa imepona. Diski ni nzima, na kioo chako ni kizima. Lakini hivi vilivyokufa ndivyo vyenye bei."

"Bei gani?"

Akamwambia. Ilikuwa ng'ombe mwingine, au karibu yake.

"Kwa hiyo kosa la nani?" Silantoi aliuliza. Sauti ilimtoka kali, halafu ikakatika katikati.

"Sijui, sista. Ukisema langu, nakubali. Lakini bodi ya kukupa sina, hata haya yote unayoyaona humu ni ya watu." Alijikuna kichwa. "Nishuke nimweleze mzee?"

"Hapana!" Alimshika mkono. "Usimwambie. Tafadhali, kaka Prosper. Usimwambie habari ya kutowasha."

Alishuka ngazi amebeba mashine peke yake, akipumzika kila baada ya vipandio vichache. Njia nzima ile fupi alikuwa anatafuta maneno. Baba yake alikuwa amesimama pale pale alipomwacha, shuka limemkaa vizuri mabegani, akiangalia kilele cha Meru kilichokuwa kimefunikwa na mawingu, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Kasemaje?"

"Ni umeme, baba." Hapo hakudanganya. "Ulikuja mkali. Ukaunguza vitu vya ndani."

"Umeme wa mtaani kwetu?"

"Ndiyo, baba."

Lomayani alishusha pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka. Ni kama mtu alimtua gunia. "Si nilijua! Nilijua kijana wa watu hakutudanganya, na wewe hukukosea. Umeme! Sasa fikiria, mwanangu, kama tusingekuwa tumeiombea kwanza. Si ingetuunguza wote mle ndani? Nyumba nzima! Bwana alituepusha."

Silantoi aliikumbatia mashine vizuri zaidi. "Ndiyo, baba," alisema.

"Basi tusilie." Alimshika bega, uso wake umeng'aa kama siku ile alipouza mtamba mnadani akarudi na pesa ndani ya soksi. "Yule ng'ombe mwingine yupo. Mama yako atanung'unika kidogo kwa ajili ya maziwa, ila ataelewa. Tutanunua nyingine kabla dirisha halijafungwa. Na safari hii mtu asiiguse kabisa, hata vumbi asiifute, mpaka mwinjilisti aje. Tutafunga na kuomba kwanza."

Hapo ndipo maneno yote ya kweli yalipomjaa Silantoi mdomoni. Sema, akajiambia. Sema sasa hivi. Aliangalia uso ule wa baba yake, uso ulioonekana mdogo wiki nzima na sasa umerudi, akaona hawezi. Hakuweza kabisa. Lakini ng'ombe wa mwisho naye hakuweza kumwacha aende kwa mashine nyingine itakayobebwa bila kuwashwa.

"Usimuuze, baba."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Kompyuta sitaki tena. Jumatatu nitaenda na yeyo Njiro."

Lomayani alimtazama muda mrefu. Mkono wake ulitoka begani kwa binti polepole.

"Jambo moja tu limekupata," alisema, "na umeshachoka?"

Silantoi aliiinamia mashine aliyoibeba.

"Kaka yangu aliniambia. Aliniambia mbele ya watu, Lomayani, huyo hana moyo, utapoteza mtamba wako bure. Nikamwambia wewe humjui mtoto wangu." Alitikisa kichwa. "Kumbe nilikuwa simjui mimi."

Machozi yalimtoka Silantoi akayaacha yashuke, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imebeba. Baba yake aliyaona akageuza uso barabarani, akaita bajaji. Kisha akamchukulia mashine, akaingia, akaipakata magotini na kuizungushia shuka lake kama mwanzo.

Bajaji iliondoka kwa kishindo ikakanyaga shimo.

"Dereva, nenda taratibu," Lomayani alisema. "Tumebeba kompyuta."